Mashine Ichekeche, Wewe Uamue

Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa FEAST, na madaktari wa watoto dunia nzima wakabaki wameshika vichwa. Jaribio lenyewe lilifanyika huku kwetu: Kilifi nchini Kenya, Hospitali ya Teule huko Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 waliofikishwa hospitali wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walitundikiwa dripu ya haraka, ya albumini au ya maji ya chumvi, kama vitabu vya tiba vilivyokuwa vikifundisha kwa miaka mingi. Wengine walipewa maji ya kawaida tu ya kuwatunza, bila haraka. Ndani ya saa 48 walifariki watoto 111 kati ya 1,050 wa albumini, 110 kati ya 1,047 wa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa dripu ya haraka. Tiba iliyotarajiwa kuokoa ndiyo iliyoongeza vifo, na jaribio likasimamishwa kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyopangwa.

Leo tabibu aliye zamu ya usiku akiichukua simu yake na kuiuliza programu ya akili unde kama mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi atundikiwe dripu ya haraka, atapata aya tatu zilizonyooka kabla mgonjwa hajafikishwa kitandani. FEAST itatajwa. Huenda namba zote zikawa sahihi. Usichoweza kuwa na uhakika nacho ni kama ataambiwa kwamba watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kabisa katika jaribio lile. Mtoto wa kipindupindu aliyekaukiwa maji asipopewa maji haraka anakufa. Jibu lile lile, lenye marejeo yale yale, linamfaa mtoto wa kitanda cha kwanza na kumwangamiza wa kitanda cha pili.

Makala haya ni kwa yeyote anayetaka kuitumia akili unde kukusanya na kuunganisha ushahidi wa tafiti za afya: mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu, ofisa wa afya aliyeombwa na mganga mkuu wa mkoa aandae waraka, mwandishi wa habari za afya, mfanyakazi wa shirika anayetakiwa kueleza kama mradi wake una msingi wa kisayansi. Sitawaambia mziache zana hizi. Zinafanya kazi, na kazi wanayoifanya watu kwa mikono ni ndefu kupita kiasi. Mwaka 2017 watafiti waliopitia taarifa za mapitio ya kimfumo 195 walikuta kwamba tangu kusajiliwa hadi kuchapishwa, pitio moja huchukua wastani wa wiki 67. Hiyo ni zaidi ya mwaka, tena kwa timu zenye wakutubi, wataalamu wa takwimu na intaneti isiyokatika. Mwanafunzi wa kwetu anayenunua bando kwa siku ana kila sababu ya kutafuta msaada.

Lakini kabla ya hapo jiulize kama unahitaji kuanza kazi hiyo. Ukiwa na mgonjwa mbele yako, huhitaji kuunganisha ushahidi mpya. Unahitaji mwongozo wa matibabu wa taifa, au wa Shirika la Afya Duniani, au pitio la Cochrane lililokwisha kufanywa. Cochrane, mtandao ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993 na kupewa jina la daktari Archie Cochrane, umeshajibu maelfu ya maswali ya namna hii, tena kwa umakini ambao programu ya simu haiufikii. Na kama unapanga kuandika pitio jipya, pitia kwanza PROSPERO, daftari la kimataifa linalotunzwa na Chuo Kikuu cha York, uone kama kuna aliyekutangulia. Nusu ya watu wanaoniuliza watumie zana gani, jibu lao lilikuwa tayari limechapishwa.

Ukishajiridhisha kwamba kazi ipo, liandike swali lako kwa mkono wako mwenyewe kabla hujafungua programu yoyote. Wagonjwa gani, wamefanyiwa nini, wamelinganishwa na nani, na umepima nini. Kwa mfano wetu: watoto wa zaidi ya miezi miwili wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi, dripu ya haraka, ikilinganishwa na maji ya kawaida, kifo ndani ya saa 48. Andika pia nani hatahesabiwa. Hapo ndipo wenye kuharisha wanapotajwa, na ukisahau kuwataja hapo, hakuna mashine itakayokukumbusha baadaye.

Nasisitiza uandike mapema kwa sababu programu za mazungumzo, ziwe ChatGPT, Gemini, Claude au nyingine, zina tabia ya kumridhisha anayeuliza. Ukisema “nieleze jinsi dripu ya haraka inavyoua watoto”, utaelezwa. Ukisema “nieleze faida za dripu ya haraka”, utaelezwa vilevile, kwa ufasaha ule ule. Aliyeandika swali lake na kulisajili tayari ana kitu cha kumzuia asivutwe na jibu lililompendeza. Sajili PROSPERO. Hakuna gharama.

Sasa tuziangalie zana zenyewe, maana watu huzichanganya. Kuna za kuchekecha, ambazo unazilisha orodha ya makala nawe ukaamua ipi inahusika na ipi haihusiki, huku zenyewe zikijifunza kutokana na uamuzi wako. ASReview ya Chuo Kikuu cha Utrecht ni ya bure, ni ya chanzo huria, na inafanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Rayyan, iliyoanzia Qatar, hutumika kwenye mtandao na timu zinaipenda kwa sababu watu wawili wanaweza kuamua kila mmoja kivyake bila kuonana. Kuna za kutafutia makala na kuzifupisha, mfano Elicit na Consensus. Halafu ndizo hizo za mazungumzo, ambazo kila mtu anazo simuni. Mimi naziamini za kuchekecha kuliko zote, kwa sababu ndogo tu: hazisemi neno. Zinapanga foleni, na anayesoma na kuamua ni wewe.

Za mazungumzo zina kazi yao katika utafutaji, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Jambo moja linaweza kuwa na majina saba katika makala za Kiingereza, na mengine kwa Kifaransa, lugha ambayo watafiti wengi wa Kongo na Burundi huandikia. Iombe programu ikuorodheshee majina yote hayo na namna yanavyoandikwa, kisha mpelekee mkutubi wa chuo orodha hiyo mwunganishe maneno pamoja. Baada ya hapo nenda kwenye kanzidata ya PubMed wewe mwenyewe, endesha utafutaji, hifadhi maneno uliyotumia na tarehe. Nenda pia African Journals Online na African Index Medicus, kwa sababu makala nyingi za madaktari wetu haziko kwingine, na zana za kufupisha zilizojengwa Ulaya na Marekani mara nyingi hazifiki huko. Kama taasisi yako imejisajili Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, utafungua majarida ambayo vinginevyo ungetakiwa kuyalipia.

Usiiambie programu ya mazungumzo “nitafutie makala kumi kuhusu jambo hili” halafu ukazinakili kwenye tasnifu. Mwaka 2023 watafiti walioipa ChatGPT ya wakati huo kazi ya kuandika makala fupi za kitabibu walihakiki marejeo yote 115 iliyoyatoa. Asilimia 47 yalikuwa ya kubuni, asilimia 46 yalikuwepo kweli lakini yameandikwa kwa makosa, na asilimia 7 tu ndiyo yaliyokuwa ya kweli na sahihi. Programu za sasa zinazoweza kuingia mtandaoni huzua kidogo kuliko zamani, na hapo ndipo hatari ilipohamia: makala ipo kweli, jarida lipo, mwandishi yupo, ila sentensi iliyonukuliwa kutoka kwake haimo. Msimamizi anayetafuta jina la makala kwenye Google ataikuta, na ataridhika. Dawa yake ni kuifungua na kuisoma. Hakuna njia ya mkato hapo.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba zana nyingi za kufupisha husoma ikisiri tu, kwa kuwa makala yenyewe imefungiwa nyuma ya malipo. Ikisiri ni mahali ambapo mwandishi huweka habari zake njema. Madhara ya dawa, wagonjwa waliopotea kabla ya jaribio kwisha, masharti ya nani aliingizwa na nani alikataliwa, yote hayo hukaa ndani. Kwa hiyo unapoona jedwali zuri lililotengenezwa na mashine kutoka makala hamsini, uliza kwanza ni ngapi kati ya hizo ilizisoma nzima.

Kuchekecha ndiko kunakookoa muda mwingi, basi nitakaa hapo kidogo. Tuseme utafutaji wako umeleta makala 3,000. Kwa kawaida watu wawili wangesoma vichwa na ikisiri zote 3,000, kila mmoja peke yake. Ukitumia ASReview unaianzisha kwa makala chache unazojua zinahusika na chache zisizohusika. Inakuletea inayodhani inafaa zaidi, unaamua, inajifunza, inakuletea nyingine. Baada ya mia kadhaa, zinazohusika huwa zimeshajitokeza juu na chini zimebaki pumba. Kishawishi kinakuja hapo: usimame lini? Hakuna kanuni inayokuhakikishia kwamba hakuna punje iliyobaki. Unachoweza kufanya ni kuamua mapema na kuiandika kwenye mpango wako, kwa mfano kwamba utasimama baada ya kupita makala kadhaa mfululizo zisizohusika, na kwamba hutasimama kabla ya kufikia sehemu fulani ya orodha nzima. Ukiamua siku uliyochoka, utasimama mahali ulipochokea.

Kuna njia mbili za kuipima kazi ya mashine, na zote ni rahisi. Ya kwanza: kabla ya kuanza, tafuta makala tano au sita ambazo una hakika lazima ziwemo, usiiambie programu, kisha uangalie kama zimejitokeza zenyewe. Kama FEAST haikutokea juu katika utafutaji wa dripu ya haraka kwa watoto wa Afrika, kuna kitu kimeharibika, ama kwenye maneno yako ama kwenye mashine. Ya pili: chukua kwa bahati nasibu sehemu ya makala zilizotupwa, uzisome kwa macho yako. Ukikuta hata moja iliyopaswa kubaki, rudi nyuma. Na mtu wa pili asiachwe. Wengi wanafikiri mashine ndiyo mtu wa pili. Mashine iliyofundishwa na maamuzi yako itarithi makosa yako, kwa hiyo mwenzako anahitajika sasa kuliko zamani.

Tukija kwenye kutoa namba ndani ya makala, hapa ndipo programu za mazungumzo hunishangaza kwa wepesi na kunitia wasiwasi kwa ujasiri. Ipe makala moja tu kwa wakati mmoja. Ukiipa ishirini kwa mpigo, namba za moja huhamia kwa nyingine. Maagizo yangu huwa mafupi: “Toa idadi ya waliofariki na idadi ya wote katika kila kundi ndani ya saa 48. Mbele ya kila namba nakili sentensi au safu ya jedwali ulikoitoa, na ukurasa. Kisichokuwemo andika ‘haimo’. Usikokotoe chochote.” Sentensi hiyo inayonakiliwa ndiyo inayoniwezesha kuhakiki kwa dakika mbili badala ya ishirini. Iache katika lugha ya makala; kutafsiri utafanya mwenyewe mwishoni.

Halafu hakiki kila namba inayoingia kwenye hesabu ya mwisho. Kila moja, si sampuli. Tazama FEAST inavyoweza kumtega hata mtu makini. Vifo vya saa 48 katika kundi la maji ya chumvi ni asilimia 10.5. Vifo vya wiki nne katika kundi hilo hilo ni asilimia 12.0. Namba zote mbili zimo katika makala hiyo hiyo na zote zinasema “vifo”. Mashine ikikuwekea 12.0 mahali pa 10.5, jedwali lako litaonekana salama kabisa, hakuna atakayeshtuka, na utakuwa umelinganisha saa 48 za jaribio moja na wiki nne za jingine.

Mtego mwingine umo katika namna ya kulieleza tokeo. FEAST iliripoti kwamba uwiano wa hatari ya kufa kwa waliopewa dripu ya haraka dhidi ya wasiopewa ni 1.45, na mipaka ya uhakika ni kati ya 1.13 na 1.86. Programu ikiandika “dripu ya haraka huongeza vifo kwa asilimia 45”, haijadanganya. Msomaji wa waraka wako, ambaye hana muda, ataelewa kwamba watoto 45 kati ya 100 wanauawa na dripu. Tukirudi kwenye hesabu ghafi, waliopewa dripu ya haraka, makundi mawili yakiunganishwa, walifariki 221 kati ya 2,097, yaani asilimia 10.5; wasiopewa walifariki asilimia 7.3. Tofauti ni watoto wapatao 33 katika kila 1,000. Bado ni jambo zito, tena zito sana, lakini waziri au mganga mkuu wa wilaya anaweza kulishika na kulipangia kitu. Izoeshe mashine, na ujizoeshe mwenyewe, kuandika “kati ya 1,000” kila mara.

Kisha kuna kuhesabu jaribio moja mara nyingi. Jaribio kubwa huzaa makala nyingi: ya kwanza yenye matokeo makuu, ya pili kuhusu sababu za vifo, ya tatu kuhusu kundi fulani la wagonjwa. FEAST nayo imezaa kadhaa. Mashine inaona majina tofauti na miaka tofauti, inadhani ni majaribio tofauti. Mwaka 1997, kabla ya akili unde kufika mikononi mwetu, watafiti waliochunguza tafiti za dawa ya kuzuia kutapika iitwayo ondansetron walikuta kwamba takwimu za wagonjwa zilizochapishwa zaidi ya mara moja ziliifanya dawa ionekane bora kwa asilimia 23 kuliko ilivyokuwa. Kama binadamu waliponyokwa, mashine itaponyokwa zaidi. Tafuta namba ya usajili wa jaribio katika kila makala, huku kwetu mara nyingi ni ile ya daftari la majaribio la Afrika au la kimataifa, na uzipange makala kwa namba hiyo.

Je, mashine inaweza kuamua utafiti upi ni wa kuaminika? Inaweza kukusaidia kujaza fomu: wagonjwa waligawanywaje, aliyepima matokeo alijua nani kapata nini, wangapi walipotea. Uamuzi usiipe. Wakati wa UVIKO-19 andiko kutoka Misri, ambalo halikuwa limepitiwa na wataalamu wengine, lilidai kwamba ivermectin inapunguza vifo kwa kiasi kikubwa mno. Liliingizwa katika chambuzi za pamoja za takwimu, na kwa kuwa lilikuwa kubwa na matokeo yake ya kuvutia, lilizivuta chambuzi hizo upande wake. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili jijini London, aliyepewa andiko hilo kama zoezi la darasani, ndiye aliyegundua kwamba baadhi ya wagonjwa waliorodheshwa kuwa wamefariki kabla jaribio halijaanza. Julai 2021 andiko likaondolewa. Wataalamu wenye majina walikuwa wameshalipita. Yule kijana aliufungua mkeka wa takwimu ghafi akahesabu tarehe.

Hivyo basi, kila makala iliyobaki kwenye orodha yako ipitishe kwenye kanzidata ya Retraction Watch uone kama imefutwa. Programu za mazungumzo zimefundishwa kwa maandishi ya zamani, na makala iliyofutwa huendelea kuishi humo kwa heshima zote.

Suala la mwisho la kuamua, yaani kama ushahidi unafaa pale ulipo, ni gumu kuliko yote, na ndilo linalotuhusu sisi hasa. Sindano za steroidi kwa mama anayekaribia kujifungua njiti zilijaribiwa kwanza New Zealand, matokeo yakachapishwa mwaka 1972, na faida yake ikathibitishwa mara nyingi hata ikawekwa katika nembo ya Cochrane. Mwaka 2015 jaribio la ACT, lililohusisha Kenya, Zambia na nchi nyingine nne zenye kipato cha chini na cha kati, lilipeleka sindano hizo hadi ngazi za chini za huduma. Katika jamii nzima vifo vya watoto wachanga havikupungua. Viliongezeka, vikafika 27.4 kati ya 1,000 dhidi ya 23.9 katika maeneo ya kulinganishia. Mwaka 2020 jaribio jingine la Shirika la Afya Duniani, nalo likiwa na Kenya ndani yake, likakuta kwamba sindano hizo zinaokoa: walifariki asilimia 19.6 ya watoto njiti ambao mama zao walipewa sindano, dhidi ya 23.5 ya wengine.

Ukiiuliza mashine itakuambia ushahidi “unakinzana” au, mbaya zaidi, itakupa wastani. Mtu aliyefanya kazi wodi ya wazazi atauliza jambo jingine: umri wa mimba ulipimwaje? Katika jaribio la 2020 mama alipimwa kwa ultrasound na kujifungulia hospitali yenye uwezo wa kumtunza njiti. Katika lile la 2015 wengi hawakuwa na kipimo hicho, na baadhi waliopewa sindano hawakuwa wanazaa njiti kabisa. Kinzano linayeyuka, na pendekezo linabadilika: steroidi pale penye kipimo na huduma, tahadhari pale pasipo. Habari hiyo imo katika makala zote mbili. Ila ili uitafute, lazima ujue zahanati ya kijijini ina nini na haina nini, na ujuzi huo ni wako.

Mawili matatu ya haraka. Usipakie faili za wagonjwa kwenye programu hizi, hata ukifuta majina. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Uganda vivyo hivyo, na Tanzania tangu 2022, na kamati ya maadili iliyokupa kibali haikukupa kibali cha hilo. Makala za majarida yenye leseni nazo zina masharti yake, zisome kabla ya kupakia. Bando likiwa dogo, shusha orodha nzima kutoka PubMed mara moja ukiwa chuoni, kisha endelea na ASReview nyumbani bila mtandao. Na usilipie toleo la gharama kabla hujaona toleo la bure limekushinda wapi.

Kilichobaki ni kuandika ulichofanya. Mwongozo wa PRISMA wa mwaka 2020, wa namna ya kuripoti mapitio, unakutaka useme zana gani ya kiotomatiki imetumika hatua gani, na makala ngapi zimetupwa na mashine badala ya mtu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ilisema mwaka 2023 kwamba akili unde haiwezi kuwa mwandishi wa makala, na kwamba aliyeitumia lazima aseme. Mwaka 2025 Cochrane na wenzake watatu wakatoa msimamo wa pamoja: anayefanya mapitio ndiye anayebeba dhamana ya kila kilichoandikwa, hata kilichofanywa na mashine. Andika basi jina la zana, toleo lake, tarehe, maagizo uliyoipa neno kwa neno, na nani alihakiki. Ukijikuta hujui ujaze nini mbele ya “nani alihakiki”, waraka huo usiupeleke kwa mganga mkuu wa mkoa. Tafuta mwenzako, gawaneni makala, mzisome kwanza.